Dema Darini, Gunia Ukutani

Mafundi seremala wa Wete na Chake Chake ni watu wema, ila bei zao zinamtaka mwenye shamba la mikarafuu, si mwalimu wa shule ya msingi. Kitanda tulikuwa nacho. Kilichokosekana, kwa mujibu wa mke wangu na simu yake, ni "muonekano". Kila usiku alinionesha vyumba vya watu: taa za kusukwa, mapazia mazito, ukuta wa kichwani umevishwa kitambaa. Vyote hivyo, nikamwambia, hapa Pemba vimetupwa uwani mwa watu; ni kuviokota tu.

Hilo bado nalishikilia. Kisiwa hiki hakina uhaba wa vitu vilivyostaafu. Tabu ni kwamba kitu kikistaafu hakisahau kazi yake.

Taa ilikuwa dema. Nilikwenda Tumbe, wanakoshusha samaki, nikampata mvuvi mwenye dema dogo lililochakaa, fito zimekuwa nyeusi kwa maji chumvi. Akanitazama toka kofia hadi viatu. "Mwalimu, wataka kutega nini chumbani?" Nikalipa kabla hajaendelea. Nyumbani nikalisugua kwa sabuni ya unga na ndimu, nikalianika mchana kutwa, nikalining'iniza darini na globu ndani yake. Yakhe, lilipendeza! Vivuli vya matundu vikatambaa ukutani hadi mke wangu akaita majirani waje waone.

Zamani tungesalimika, maana umeme wa majenereta ulikuwa haukawii kukatika. Lakini tangu waya wa chini ya bahari ulipotuletea umeme kutoka Tanga mwaka 2010, taa yaweza kuwaka usiku kucha. Basi globu ikapata moto, fito zikapata moto, na kila changu na tasi aliyewahi kufia humo akarudi kwa harufu. Ndimu hazifui dafu. Paka wa kwanza aliingia dirishani kwa adabu. Waliofuata hawakupiga hodi. Walijipanga chini ya taa, shingo juu, kama wageni wa shughuli wanaongojea sinia la pilau.

Mapazia yalitoka kwenye mitumba ya Chake. Muuzaji alinionesha mgongo wa kitambaa tu: wekundu ulioiva, uzito wa haja, na bei isiyofika ya kilo ya pweza. Kuyatundika ndipo uso wake ukajitokeza: babu mnene mwenye ndevu nyeupe, kofia nyekundu, gunia mgongoni, amepangwa toka juu hadi chini huku theluji ikimdondokea. Bibi yangu, ambaye mpaka leo huniita mume wake, ndiye aliyemwona mwanzo. Akamgeukia mke wangu. "Mke mwenzangu, kumbe mume mmoja hakututosha? Na huyu mbona ndevu zake hazina hata tone la hina?"

Tukayageuza. Sie tukabaki na wekundu wetu, babu akawa anawatazama wapita njia.

Sasa gunia. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kikaisaza ya Pemba, na tokea hapo gunia kuukuu la karafuu si kitu cha kutafutwa kwa tochi. Nilichana mawili, nikayakaza kwa misumari midogo kwenye fremu ya dirisha bovu, nikaisimamisha kichwani mwa kitanda. Ukiniuliza mie, hilo ndilo lililofana kuliko yote. Na lilinukia! Mwanzo tuliona neema. Kisha kanga zikanukia, mito ikanukia, chai ikanukia, na darasani wanafunzi wakaanza kunipa pole ya jino.

Ila ulikuwa msimu wa vuno. Mnunuzi halali wa karafuu Zanzibar ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na anayeficha gunia ndani hudhaniwa anangojea chombo cha usiku cha kwenda Kenya. Nyumba haina mkarafuu hata mmoja, haina jamvi la kuanikia, na bado inanuka karafuu hadi barabarani: jirani gani atanyamaza?

Sheha alikuja baada ya alasiri na mashahidi wawili. Tukasalimiana kwa urefu unaostahili: za nyumbani, za kazi, za bibi. Kisha akaomba, kwa heshima zote, aoneshwe chumba cha kulala. Akainama uvunguni: sanduku, kandambili, paka. Akapapasa gunia, akapitisha kidole nyuma ya fremu, akakinusa. Akatazama juu.

"Dema?"

"Taa, sheha." Nikaiwasha, na paka akatoka uvunguni kuja kukaa mahala pake.

"Haya," alisema, akifungua daftari. "Karafuu sikuziona." Akaelekeza kalamu dirishani. "Ila huyu mwenye gunia mgongoni, mwalimu, ni mkaazi au mgeni? Mbona kwangu hajaandikishwa?"