Tairi za Kilomita 270

Miongoni mwa mambo yastahiliyo taadhima hapa Kanazi ni hekima ya kijana mwenye Toyota Altezza ambaye, tairi zake zikiisha kuwa vipara, huazimu kununua nyingine zenye herufi W ubavuni, yaani zilizothibitishwa kustahimili mwendo wa kilomita 270 kwa saa, ilhali kibao cha barabarani humruhusu 50 tu apitapo penye makazi, na njia ya kwao migombani haimruhusu hata hizo. Huchagua kipimo cha 215/45R17, ambacho kimo cha ubavu wake hakifiki sentimita 10, ili gari liikaribie ardhi kwa unyenyekevu. Na ardhi, kwa ukarimu wake, hulilaki kwa mawe na mashimo. Fundi akimnasihi azitazame zile tarakimu nne zionyeshazo juma na mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukilala ghalani, tena achague kashata zenye mifereji mipana ya kutoa maji, maana mvua za Bukoba hazina simile, yeye hujibu kwa adabu kwamba hayo ni mashauri ya wenye pikapu za kahawa. Basi nasi twamtakia safari njema, na kumkumbusha kwa heshima zote kuwa pikapu hizo, licha ya tairi zao zisizo jamala, huchukua pia kamba ya kuvutia magari yaliyokwama, wala wenyewe hawaulizi herufi.