Mwenye Macho Makali

Mama watoto ana neno moja ananitupia kila nikianza habari za kamera. "Papa, chagua." Kisha anarudi kwenye sufuria yake. Yeye alichagua mume kwa jioni moja, kule Fizi, Kongo, tena taa ilikuwa imezimika. Kwa hiyo mtu anayemaliza miezi mitano bila kuchagua kati ya vyuma viwili anamwona mgonjwa, na wagonjwa hupelekwa zahanati.

Sikatai kwamba ninaumwa. Mimi ni mpiga picha wa Base Camp hapa Nakivale, wa picha ndogo za pasi na harusi za Jumamosi. Nina kamera ya dijitali inayofanya kila kitu isipokuwa kuniletea heshima. Unaitwa harusini, unapiga goti, unabana pumzi, unapiga picha. Ukigeuka, wajomba kumi wameshapiga ileile kwa simu na imeshamfikia shangazi aliye Norway, naye ameshajibu kwamba bibi harusi amekonda. Wewe bado hata begi hujafunga. Ndiyo maana nikaingiwa na tamaa ya filamu. Picha ya filamu haiendi Norway usiku huohuo. Inalala ndani ya mkanda, watu wanaisubiri, na mtu wa kumbembeleza ni mimi.

Basi filamu inataka kamera, na bahati mbaya zikapatikana mbili. Ingepatikana moja ningekuwa nimelala usingizi wangu.

Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja Msomali aliyekuwa akingoja safari ya Kanada. Hapa kwetu mtu akishapata tarehe ya ndege, mlango wake unageuka soko. Godoro nje, jiko nje, paneli ya sola nje, kuku nje na kamba yake mguuni. Watu wanapita wakisema "hongera" huku wanaminya godoro. Mzee aliuza vyote hadharani, halafu mimi akaniita uani kama mtu wa magendo. "Wewe mtu wa picha. Njoo uone Laika." Akafungua kanga, akafungua taulo, akafungua mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kulikuwa na soksi. Kamera ilikuwa ndani ya soksi.

Juu yake palichongwa tarakimu 3, kisha O, kisha P, K, na mwishoni N mbili zilizogeuka kama zimeandikwa na mtoto wa chekechea. "Hiyo tatu ni modeli," mzee akasema. Nilimwamini siku mbili nzima. Siku ya tatu simu ikanifundisha kwamba ile 3 ni Z ya Kirusi, na kwamba chombo chenyewe kinaitwa Zorki 4, cha kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1956 na kuendelea hadi 1973. Makazi yetu ya Nakivale yalifunguliwa 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Yaani toleo hili la kamera limeizidi kambi umri kwa miaka 2, na ukivitazama vyote viwili kwa pamoja huwezi kusema kipi kimetunzwa vizuri zaidi.

Mzee aliinunua Mogadishu kwa Mrusi aliyekuwa akifungasha. Warusi walikuwa wengi huko hadi Novemba 1977, pale Siad Barre alipowafukuza kwa kuwa walisimama na Ethiopia katika vita vya Ogaden. Tazama basi: Mrusi aliiuza akifungasha, na mzee anaiuza akifungasha. Mtu mwenye akili angeona dalili hapo. Mimi niliona bei.

Na katika kuiita Laika mzee hakuwa mwongo wa kufungwa jela. Zorki ni mtoto wa nje wa Leica ya Ujerumani, ile aliyoibuni Oskar Barnack, fundi mwenye pumu aliyechoka kubeba makamera ya mbao mlimani. (Angekaa kwetu mwezi wa saba, vumbi la barabara lingemfundisha pumu ni nini.) Leica yenye kipimo cha umbali ndani yake ilitoka 1932. Miaka 2 haikupita, Wasovyeti wakawa wanainakili huko Kharkiv, katika makao ya vijana waliookotwa mitaani, wakaiita FED kwa herufi za jina la Feliks Dzerzhinsky, yule mkuu wa polisi wa siri. Zorki za kwanza zikafuata 1948. Leica halisi ninayoiota, M3 ya mwaka 1954, ninaijua bei yake kwa sababu ninaitazama kila usiku. Inapita dola elfu moja. Mama watoto amenikataza kuitazama kitandani.

Mafundi huziita kamera hizi renjifainda. Huchungulii kupitia lenzi, unachungulia kidirisha chake pembeni, kile kinachoitazama dunia kivyake. Katikati ya kidirisha kuna doa hafifu, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, na ndani ya doa mtu anaonekana mara mbili kana kwamba umekunywa waragi. Unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wanaingiana wakawa mmoja. Hapo ndipo picha inakuwa kali. Nilijaribu uani kwetu. "Mama, ninakuona wawili," nikamwambia. Akasema, "Chakula ni cha mmoja."

Kamera ya pili ilikuwa Mbarara, kama kilomita 60 kutoka hapa, ambazo kwa taksi ya abiria waliokaa wanne kwenye kiti cha watatu zinafika mia moja. Ukifika mjini unapokelewa na sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu kuliko shida zako. Kamera ilikuwa kwenye duka la simu na chaja, ndani ya kabati la kioo, kati ya redio bovu na saa ya ukutani: Yashica Electro 35, Mjapani, ukoo ulioanza 1966. Safi, inang'aa, lenzi pana ya kufungua hadi 1.7, inayopiga hata kwa mwanga wa kibatari.

Kosa langu lilikuwa kuuliza bei kwa Kiswahili. Mbarara ina kambi ya jeshi, na Uganda hii Kiswahili ni lugha ya bunduki. Mwenye duka akakaza mgongo. "Karibu, afande." Bei ya afande ikatajwa, ikanifurahisha mno. Nikazidisha maneno kwa furaha, na maneno yakatoa lafudhi. "Ah, wewe Mkongo, sebo." Shilingi elfu sitini zikapanda palepale. Mpaka leo sijui nilimkosea nini Mungu, ningenyamaza tu.

Yashica haina kazi bila betri. Inakupimia mwanga yenyewe: taa ya njano juu ukiwa gizani, nyekundu mwanga ukizidi. Lakini betri iliyoundiwa ilikuwa ya zebaki, na betri za zebaki zilishapigwa marufuku, kwa hiyo lazima uchukue nyingine ndogo, uizungushie karatasi, uongeze springi ya tochi na kipande cha foili ya sigara, uombe. Ikigoma, kamera haigomi waziwazi. Inalia tu kwa kasi moja ya juu kabisa, na wewe unafikiri unapiga picha. Nina ndugu wa namna hiyo.

Zorki haijui betri. Ni chuma, kitambaa na ubishi. Ila ina masharti kama mganga. Usiguse gurudumu la kasi kabla hujavuta filamu. Ukiligusa kabla, vyuma vya ndani vinaweza kuharibika. Mzee alinionya hilo mara tatu, mara ya tatu akiwa amenishika sikio. Na shata yake ni pazia la kitambaa, kwa hiyo ukiiweka mezani lenzi ikitazama jua la adhuhuri, lile jua letu la jirani na ikweta, miale inakusanyika na kulitoboa pazia kama sigara inavyotoboa shuka. Ndiyo maana lenzi yake inatembea na kifuniko cha plastiki nyeusi, cha kuchomeka mbele. Kikumbukeni hicho kifuniko.

Nikaanza kuomba ushauri. Usiombe ushauri Nakivale. Hapa tuko mataifa mengi na kila taifa lina fundi. Mrundi wa baiskeli aliisikiliza shata ya Zorki, klak, akasema inahitaji grisi. Muuza mchele akauliza kama inapiga video. Mchungaji aliniambia nifunge siku tatu, nikamwuliza kama ni kwa ajili ya Zorki au Yashica, akakasirika. Kijana mmoja wa kijiji cha New Congo humu kambini, ambaye hata simu yake ni ya kuazima, alinitazama kwa huruma akasema, "Yaya, kwa nini usichukue Canon?" Nikakosa usingizi wiki nzima kwa sababu ya Canon. Kuna Canon 7 ya 1961 yenye pazia la chuma lisilotobolewa na jua. Sijawahi kuiona. Hata hivyo nilianza kuilinganisha na hizi mbili.

Nilichora hata jedwali. Bei, uzito, betri, kelele. Yashica inakohoa kwa adabu, Zorki inagonga kama mlango wa ofisi. Mama watoto akalisoma lile jedwali akageuza karatasi, akaandika nyuma yake orodha ya chumvi na sabuni.

Ndipo akanikumbusha, kwa upole ambao ni mbaya kuliko ukali, kwamba picha yetu ya harusi ilibaki Fizi, ukutani, katika nyumba ambayo sasa haina ukuta. Mimi kwa ujinga nikajibu na elimu. Nikamwambia habari za Depara, mpiga picha mkubwa wa Kinshasa enzi za mwanamuziki Franco, kwamba kamera yake ya kwanza ilikuwa Adox ndogo aliyoinunua mwaka 1950. "Aliinunua ya nini?" akauliza. Nikasema ya kupiga picha za harusi yake. Akanitazama mpaka nikatoka nje.

Na nje nako nikakumbuka jingine. Hapo hapo Mbarara, tangu miaka ya 1930, alikuwako mwalimu Musa Katuramu, akipiga picha za watu wa Ankole: wanafunzi, akina mama, mabwana waliovaa suti za kutokea. Picha zimefika mpaka kwenye kitabu. Hakuzipata kwa kuchora jedwali.

Mwisho ndege ya mzee ndiyo ilichagua. Tarehe ililetwa karibu, akaja alfajiri na soksi yake mkononi. "Unataka, hutaki?" Nikalipa. Akaniombea dua, akanionya mara ya nne akiwa amenishika sikio, akaenda zake Kanada, ambako jua halitoboi kitu.

Filamu nililetewa kutoka Nairobi, moja, ya picha 36, kwa bei ya kuku wawili wazima. Jumapili tukatoka kanisani nikawapanga uani. Mama watoto alivaa kitenge cha Pasaka na viatu ambavyo kimoja kilikuwa kinambana, watoto nikawapaka mafuta mpaka wakawaka. Nilivuta filamu kwanza, kisha ndiyo nikagusa gurudumu la kasi, kama nilivyoapishwa. Nikachungulia. Kidirisha kilikuwa angavu, mama watoto wawili wakaingiana wakawa mmoja, na nakuambieni, kwa miaka kumi na nne ya ndoa sikuwahi kumwona mkali vile.

"Papa," kitinda mimba akasema.

"Usitikisike."

"Papa, kile cheusi..."

"Nyamaza, utaharibu picha!"

Akanyamaza. Nilipiga zote 36. Mama watoto kasimama, kakaa, kashika maua, kacheka, jambo ambalo halijatokea mbele ya kamera tangu Fizi. Majirani walipanda juu ya matofali kutazama. Kila klak ilisikika hadi kwenye foleni ya maji. Filamu nikampa mpwa wangu aende nayo Kampala kusafishwa, tukangoja wiki tatu, na kweli kama nilivyotaka, kila mtu alinisubiri mimi. Muuza mchele aliuliza kila asubuhi.

Ilirudi ndani ya bahasha. Nikaivuta na kuinyanyua juani, mita nzima na zaidi ya filamu, na ilikuwa safi. Safi kama maji ya chupa. Hakuna uso, hakuna kitenge, hakuna hata kivuli cha mti. Niliwaona majirani wote vizuri kupitia ndani yake.

Kidirisha cha renjifainda, kama nilivyosema, kinaitazama dunia kivyake. Lenzi ikiwa imefunikwa, hakikwambii. Nikakumbuka pia kwamba zorki, kwa Kirusi, maana yake ni mwenye macho makali.

Mama watoto hakusema kitu. Alivua kile kiatu, akasugua kidole, akaniuliza kama ile Yashica ya Mbarara bado ipo. Aliuliza tu, lakini mimi nilishaanza kutafuta nauli, maana nimesikia kuna mtu hukohuko Mbarara, mtaa wa Kakoba, ana Canon, na inabidi nizione zote mbili pamoja, nizilinganishe vizuri.

Kifuniko chenyewe sikukiona tena mpaka jana. Kitinda mimba amekitoboa katikati kwa msumari, amekifanya gurudumu la gari lake la chupa ya mafuta. Gari limeinamia upande mmoja, haliendi. Alikuja nalo mpaka nilipokaa, akalisimamisha juu ya goti langu.

"Papa," akasema, "zile kamera zingine tatu utanunua lini?"