Mpeni Maua Yake

Breckinridge Long, msaidizi wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alisimamia viza Wayahudi walipokuwa wakiikimbia Ulaya, na hadi leo watu wanamnyima sifa zake. Choyo tu. Juni 1940 aliwaandikia wenzake waraka wa kiungwana: ya nini kugombana na mtu? Konseli amdai karatasi nyingine, kisha aahirishe, na aahirishe, na aahirishe tena.

Viwango navyo vililindwa. Anayemkimbia Hitler alidaiwa cheti cha tabia njema cha polisi wa Ujerumani, maana nani alimfuatilia kwa karibu kuliko wao? Kufikia 1941, aliyeacha mama au ndugu mikononi mwa Wanazi alitiliwa shaka kwamba angelazimishwa kuwa jasusi. Ushauri ulikuwa wazi: ukimbizi una heshima yake, uje ukiwa umeshafiwa na wote.

Fomu ya 1943 ilizidi futi nne, ijazwe mbele na nyuma, nakala sita. Mtu angeweza kujitanda kama kanga akisubiri jibu.

Novemba mwaka huohuo Long aliiambia kamati ya Bunge kwamba Marekani imepokea wakimbizi wapatao 580,000 tangu 1933. Wachokonozi wakafukua: hizo ni viza zilizoweza kutolewa, si watu waliofika. Wabishi hawa! Mtu ameshatengewa nafasi vitabuni, tena kwa mwandiko safi, na bado mnataka awe hai?