Uzuri Umeiponza Draivu

Mtu akikuuzia draivu ya diski ya kampuni nyingine, akakuapia kwamba inafanya kila kitu kinachofanywa na ile ya asili, mwulize swali moja tu: na ubovu je, nao umeigwa? Akicheka, rudisha pesa mfukoni.

Nasema haya kwa uchungu. Hapa Ujerumani, ambako nimekaa mpaka na mimi nanuna treni ikichelewa dakika nne, kuna wazee wenye wajukuu ambao bado wanaipangusa vumbi Commodore 64 kila Jumamosi. Kampuni hiyo ya Marekani ilikuwa na kiwanda Braunschweig, na mashine zake zilijaa kwenye vyumba vya watoto wa enzi zile. Sixty-four ilianza kuuzwa mwaka 1982, na kumbukumbu yake ni kilobaiti 64, ambazo leo hazitoshi hata picha ya chapati kwenye simu. Ninayo moja, na sina mpango wa kujitetea.

Tatizo si kompyuta. Tatizo ni draivu yake, 1541. Usidhani ni kisanduku cha kusomea diski tu. Ndani yake kuna kompyuta nzima: prosesa yake aina ya 6502, kumbukumbu yake ya kilobaiti 2 na ROM yake ya kilobaiti 16. Ukichomeka waya, umekutanisha kompyuta mbili, na mazungumzo yao ni ya taratibu mno, takriban baiti 400 kwa sekunde. Mchezo wa kilobaiti 50 unakula dakika mbili na ushee. Unaandika LOAD"*",8,1, unakwenda kubandika chai, unarudi, bado.

Uvivu huo ni wa kurithi. Kompyuta iliyotangulia, VIC-20, ilikuwa na chipu ya 6522 yenye kasoro kwenye sehemu ya kupokea na kutuma data. Wahandisi wakaikwepa kwa kuibebesha programu kazi hiyo, biti moja moja. Sixty-four ikaja na chipu nyingine, lakini ikabaki na mtindo ule ule. Tena ikazidi kuchelewa, kwa kuwa chipu yake ya picha huisimamisha prosesa kila mara ili ichore skrini. Marehemu alikopa, mjukuu analipa.

Basi wafanyabiashara wakaona mlango uko wazi. Miaka ile ya 1980 zikatoka draivu za wengine: MSD SD-2 yenye nafasi ya diski mbili, Indus GT, Enhancer 2000, Oceanic OC-118. Hapo ndipo walipokutana na wahenga waliokataza kumwiga tembo. ROM ya 1541, yaani programu iliyofungiwa ndani yake, ina mwenyewe: ukiinakili unaitwa mahakamani, usipoinakili mchezo unabisha hodi kwenye anwani fulani ndani ya ROM na kukuta amehamia mtu mwingine.

Waliokoroga mambo zaidi ni watengenezaji wa michezo. Ili kuwakomoa wezi, waliandika sekta mbovu, yaani kipande kisichosomeka, kwenye diski kwa makusudi. Mchezo ukianza, kazi yake ya kwanza ni kuitafuta ile sekta mbovu, na ukiikuta nzima unakuhesabu mwizi. Jamani, nchi gani hii ambayo kizima ndicho bandia na kibovu ndicho halali? Halafu 1541 haina kitu cha kuiambia kwamba kichwa cha kusomea kimefika mwanzo wa diski, kwa hiyo ikipata wasiwasi inakirudisha nyuma kwa kukigonga kwenye kizuizi: trrrrr! Kila sekta mbovu, kipigo. Kichwa kikipigwa sana kinahama mstari, fundi anapata riziki.

Draivu yangu ya kampuni nyingine, ambayo jina lake nalisitiri, haigongi wala haichemki. Ukiiomba orodha ya diski kwa LOAD"$",8 inakupa kwa adabu zote. Ipe mchezo sasa: taa inawaka, mota inazunguka, kisha kimya. Mzee aliyeniuzia, nilipomrudia, alinieleza kwa fahari kwamba hiyo imetengenezwa vizuri kuliko ya asili. Hilo ndilo kosa lake! Ni kama dada wa kazi aliyefukuzwa kwa sababu haunguzi wali, kumbe nyumba nzima imezoea ukoko.

"Baba Salma," mke wangu akauliza, "si ulisema hii ni nzuri?"

"Nzuri sana."

"Mbona haifanyi kazi?"

"Kwa sababu ni nzuri."

Alinitazama kama mtu anayetafuta namba ya kaka zangu.

Unaweza kusema, basi ziunganishe zote mbili, hiyo na ile ya asili. Thubutu. Zote zinajiita namba 8, na zikiitwa zinaitika kwa pamoja. Kwenye 1541 za mwanzo, ili ubadilishe namba moja kwa moja, unafungua boksi na kukata kwa kisu njia ya shaba kwenye bodi. Swichi ndogo za nyuma zilikuja baadaye, na 1541-II. Na usifikirie kulalamika kwa wenyewe: Commodore ilifilisika mwaka 1994.

Vijana wakanishauri niachane na diski, ninunue SD2IEC, kidude kinachosoma kadi ya memori. Kadi ya gigabaiti 32 inameza diski za 1541 zaidi ya laki moja na nusu. Lakini hicho nacho hakina 6502 ndani, kwa hiyo programu inayotaka kuingiza amri zake kwenye ubongo wa draivu inakwama, isipokuwa kama ni mojawapo ya zile ambazo waliokitengeneza walizifundisha mapema.

Dawa imepatikana kwa kuiga kila kitu, na hasa aibu. Pi1541 inachukua Raspberry Pi, yenye prosesa ya kasi mara mia kadhaa na zaidi, na kuilazimisha ijifanye 6502 ya megahezi 1, hatua kwa hatua, uvivu kwa uvivu. 1541 Ultimate inafanya hivyo kwa chipu ya kupangwa, na ina spika ya kutoa mlio wa draivu, hata kile kichwa kikigonga. Ndiyo niliyonunua. Michezo yote niliyonayo inakubali, sekta mbovu zinaheshimiwa, na sebule inalia trrrrr wakati hakuna kinachogongwa.

"Yaani umetoa pesa kununua kelele?" akauliza Mama Salma.

Hapana, mama. Kelele ni nyongeza. Nilicholipia ni ule uchelewaji.