Mwongozo wa Kulala Bure Mafia

Mbeba shanta anayejiheshimu hapangi chumba. Kupanga chumba ni mambo ya watu wenye masanduku ya magurudumu, wale wanaopanda kindege Dar es Salaam, nusu saa wako Kilindoni, wakapokewa na gari na kupelekwa Utende kwenye hoteli za bei za dola. Hao ni watalii. Wewe ni msafiri. Mtalii hulala hotelini na kulipa. Msafiri hulala kwa watu na kusimulia.

Safari yako inaanzia Mbagala Rangi Tatu. Panda basi la Nyamisati, fuata barabara ya Kilwa, pita Mkuranga, mpaka uione mikoko ya delta ya Rufiji. Hapo ndipo watu huvukia kwenda Mafia, kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa boti za watu binafsi, na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Abiria wenzako wengi ni wenyeji wanaorudi makwao. Wakague. Kijana mwenye simu mbili na kibegi kidogo hana faida. Huenda naye anatafuta pa kulala. Unayemtaka ni mama wa makamo mwenye gunia la mchele, ndoo tatu mpya na godoro lililofungwa kamba. Mtu wa namna hiyo ana jiko, ana ukumbi, na godoro umeliona kwa macho yako. Mwamkie shikamoo kabla hajakutazama vizuri. Mbebee ndoo moja, iliyo tupu.

Usimwombe malazi. Ukimwomba mtu unampa nafasi ya kufikiri. Mweleze tu kwamba kisiwani humjui mtu, kisha geuka utazame maji. Mama wa pwani hawezi kumwacha mtoto wa mwenzake anatazama maji namna ile. Kabla hamjafika ng'ambo atakuuliza umekula nini tangu asubuhi, na ukishajibu "bado, mama", shughuli imekwisha.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani walihitaji mtandao kwa kazi hii. Couchsurfing, ulioanza mwaka 2004, uliwakutanisha wasafiri na wenyeji wa kuwalaza bure mpaka ulipofika mwaka 2020 ukaanza kutoza ada, na malalamiko yakawa makubwa: bure imepanda bei! Pwani yetu ina mfumo wa zamani zaidi, ingawa habari zake zinatia wasiwasi kidogo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakiifuata meli kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akamchagua mfanyabiashara wake: huyu ni mgeni wangu. Mgeni akalala kwa mwenyeji huyo, akala kwake, na biashara yake yote ikapitia mikononi mwa mwenyeji. Ukarimu ulikuwapo, na hesabu zilikuwapo. Kisa hiki usikisimulie mezani. Mwenyeji wako anaweza kupata mawazo.

Ukifika nyumbani utapewa chumba chenye kitanda na chandarua. Usiulize ni cha nani. Wale watoto watatu uliowaona jioni wakihamisha madaftari yao wanapenda kulala kwenye mkeka ukumbini. Walikuwa wanaisubiri nafasi hii tangu mwaka jana. Mwenyeji wako atakwenda pia kwa mwenyekiti wa kitongoji kutoa taarifa kwamba ana mgeni. Mwache aende. Wewe pumzika, umechoka na bahari.

Alfajiri utasikia nazi ikikunwa kwenye mbuzi. Ni sauti nzuri, irekodi. Anayekuna ni binti wa nyumba, ameamka kabla ya adhana, na bado hajakamua tui wala hajawasha moto wa makumbi. Ukitoka nje ukamkuta anafuta jasho, mwambie unamwonea wivu: maisha ya kisiwani hayana presha, si kama mjini. Atacheka. Wewe chukulia kwamba amefurahi.

Yakija maji ya bamvua bahari hupwa mbali, na wanawake hushuka miambani na vijiti vyao kutafuta pweza. Fuatana nao. Huna haja ya kubeba kikapu. Wewe beba kamera. Wakipata pweza mmoja baada ya saa kadhaa za kuinama juani, huyo ndiye atakayepikwa kwa nazi usiku, na minofu minono itasogezwa upande wako wa sinia. Pweza yule angeuzwa leo hii kwa mnunuzi, na fedha yake ingenunua unga na daftari. Lakini habari za biashara zinaharibu chakula. Mega tonge.

Ukipita barazani watu wakiwa wanakula utaitwa: "Karibu!" Asiye na malengo hujibu "starehe" akaendelea na njia yake. Mwenye adabu, akisisitizwa sana, hunawa mkono, akaonja tonge moja, akashukuru, akaondoka. Wewe keti, tena kitako. Ukizipanga baraza zako vizuri kati ya swala ya adhuhuri na alasiri, chakula cha mchana unaweza kukila mara tatu, na mama yako wa boti atajiuliza usiku kwa nini humalizi alichokupakulia. Atadhani unaumwa. Atakutengenezea uji.

Kuhusu mavazi nitakuwa mfupi: joto ni kali, kaptura yako ni fupi, na ni Ijumaa. Kila mtu atatazama pembeni kwa heshima. Hiyo heshima ihesabu kama ruhusa. Na ukivuka kwenda Jibondo, kisiwa cha miamba ya matumbawe ambako maji matamu ni ya taabu, oga mara tatu kwa siku.

Utaambiwa pia kuhusu Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822 na tozo ya kuingia. Getini eleza kwamba wewe unakaa na familia. Mlinzi ameshaisikia hadithi hiyo, lakini hajaisikia kwako. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe huja karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani na mpole kuliko wenyeji wako. Kumfikia kunahitaji boti na petroli. Mpwa wa mwenyeji wako ana boti. Petroli ni mambo ya ndani ya familia, usiyaingilie.

Safari moja tu nakushauri ujigharimie, ya Kua, kisiwani Juani. Utapata magofu ya misikiti, makaburi na nyumba za mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya uvamizi huo, wazee wanasimulia, palikuwa na ugomvi kati ya Kua na mji wa Kisimani, ng'ambo ya pili. Watu wa Kisimani waliunda chombo, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kukishusha majini, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao na kuwalaza chini ya chombo, kiteleze juu yao hadi baharini. Kua hawakusema neno. Miaka ikapita, wakawaalika Kisimani kwenye harusi. Wageni wakaketishwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, wakaandaliwa vyakula, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu kuleta maji, huyu kuangalia moto, mpaka mlango ukajengwa kwa mawe wageni wakiwa ndani. Muulize anayekutembeza chumba hicho kiko wapi. Kisha jioni, nyumbani, angalia ni nani anatoka mezani kuleta maji.

Natania. Watu wa Mafia hawatakuzika, wala hawatakufukuza. Kumfukuza mgeni ni aibu, na aibu hiyo ndiyo mtaji wako wote. Mtaji huu lakini una dalili za kwisha, na msafiri mzoefu huzijua. Wali wa nazi umegeuka muhogo wa kuchemsha. Mzee anaikumbuka ghafla methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, anaisema kwa sauti kidogo, na anamwambia jirani aliyekaa mbali kuliko wewe. Iandike kwenye daftari lako la utamaduni. Mama kabadili kanga mara mbili leo, na kila akipita hukupa mgongo, upande wenye maandishi. Usiyasome. Mtoto mdogo, ambaye hajafundishwa kuficha, anakuuliza: "Mjomba, kwenu hawakutafuti?" Na mzee huyo huyo wa methali anakueleza saa ya boti ya kesho, ya keshokutwa na ya mtondo, bila kuulizwa.

Hapo sasa ondoka, ili nao wapumzike kukupenda. Siku ya kuaga uliza swali moja: "Mama, nikupe nini?" Atajibu, "Hapana mwanangu, kwani wewe mgeni?" Liamini jibu hilo hapo hapo, la kwanza, kabla hajavuta pumzi. Wako wasafiri wanaojua desturi, na hao ndio wanaotuharibia. Walikuja na doti ya kanga kwenye shanta. Walishika mbuzi wakakuna nazi vibaya, watu wakacheka, kazi ikaendelea. Wakati wa kuagana humkunjia mama noti kiganjani wakaita ya sukari, na mzee wakampa ya kahawa. Wazee hukataa mara ya kwanza, hukataa mara ya pili, mara ya tatu hupokea bila kuitazama. Kisha watoto huwabebea mizigo hadi gatini bila kutumwa.

Kama na wewe moyo wako ni dhaifu kiasi hicho, basi sukari, majani ya chai na sabuni nunua kabla ya kuvuka. Bidhaa nyingi za duka la Kilindoni zimevuka maji kama wewe, na zenyewe zimelipiwa nauli.