Sifa za Mheshimiwa Mkwaruzo

Wapiga solo wameshasifiwa hadi vichwa vimewavimba, na waimbaji hujisifu wenyewe. Leo ni zamu ya mwanabendi asiyealikwa, asiyelipwa wala kukosa mazoezi: Mheshimiwa Mkwaruzo, yule anayelia "zzz" pindi upigapo uzi mnene wa gitaa la besi. Hutukanwa kabla ya kusalimiwa. Nasimama kumtetea.

Kwanza, ni mkweli kuliko wenzake wote jukwaani, na hasemi ovyo. Akilia uzi ukiwa mtupu, kisha ukabana freti yoyote akanyamaza, amekwambia kwamba mfereji wa uzi huo kichwani mwa gitaa umechimbwa mno. Akilia kwenye freti za mwanzo, shingo imenyooka kupita kiasi au imebinukia nyuma. Akilia noti moja tu, kagua freti inayofuata: imeinuka kuliko wenzake. Hiyo ndiyo ripoti ya fundi, na imetolewa bure.

Pili, hufundisha subira. Bana uzi kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha chungulia freti ya saba: pawe na upenyo mdogo, kiasi cha kupitisha kadi ya biashara. Ukikosekana, legeza robo mzunguko ile fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, tuni upya, ndipo usikilize. Mwenye papara atazungusha mzunguko mzima, naye ataijua bei ya shingo mpya. Na mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kukauka kiangazi, kwa hiyo Mheshimiwa hukutembelea hata usipomwita. Wajomba wangapi wana adabu hiyo?

Tatu, huumbua wenye majivuno. Mtu atabadilisha nyuzi, atalaumu kiwanda, atamnunia fundi mitambo, kumbe kikulacho ki nguoni mwako: skrubu ya kitasa cha kutunia imelegea, au ni waya za chini ya ngoma ya snea zinazoitikia besi kutoka upande wa pili wa chumba. Acha noti ilie huku ukigusa kitu kimoja kimoja kwa kidole, atakaponyamaza, umemshika. Na kabla ya hayo yote, chomeka amplifaya. Wengi hukesha wakiwinda mkwaruzo unaosikika kwenye mbao tu, ilhali spika haina habari naye.

Ana binamu yake, Bwana Mvumo, ambaye hata kupigwa hahitaji. Umeme wa Tanzania na Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Noti ya G, freti ya tatu ya uzi mnene, hutetema mara 49. Yaani soketi inakupigia G usiku kucha, imepanda kidogo tu, na haidai posho. Akipungua unapogusa nyuzi, kelele inanaswa hewani: sogea mbali na taa na chaja ya simu. Mtengeneza magitaa Leo Fender, aliyetoa gitaa la besi la Precision Bass mwaka 1951, mwaka 1957 aliigawa sehemu inayonasa sauti vipande viwili ili mvumo wa kimoja uufute wa kingine. Mtu hasumbukiwi hivyo kama si mkubwa. Lakini ukigusa nyuzi ukapigwa shoti, utani umekwisha: chomoa, ita fundi umeme.

Wanaosema Mheshimiwa hana faida waende Zimbabwe, ambako Washona hufunga vizibo vya chupa kwenye ala yao ya mbira makusudi ili ikwaruze. Wamsikilize pia mpiga besi Jaco Pastorius katika albamu yake ya 1976: besi isiyo na freti, uzi ukiparaza ubao wenyewe, na dunia nzima ikaduwaa. Kumbe kosa lake kwetu ni kuja bila mkataba.

Kwa hiyo msimfukuze kabisa. Nyuzi zikiwa chini vidole hustarehe, naye hukaribia. Ukizipandisha yeye huondoka, na malengelenge huchukua nafasi yake. Anayetaka nyuzi laini, mkono mzito na ukimya mtupu kwa pamoja ameshika mengi, na lazima moja limponyoke. Mheshimiwa Mkwaruzo kazi yake ni kumtajia lipi.