Ushauri wa Bure kwa Mwingereza Anayekwenda Kustaafu Thailand

Mzee wangu, hongera kwa kustaafu. Tumesikia umeuza nyumba Leeds, paka umemwachia binti yako, na uzee umeamua kuumalizia Chiang Mai, kwenye joto, maembe na chakula cha bei poa. Uamuzi mzuri. Sasa kaa chini utusikilize, maana tunaokushauri ni watu wa Afrika Mashariki, na kwa mambo ya foleni, fotokopi na stetimenti za benki zenye mhuri, hutapata mabingwa kutuzidi. Tumeshawathibitishia maofisa wa nchi yako kwamba tuna pesa, tuna ndoa, tuna shamba, na tuna kila sababu ya kurudi kwetu harusi ya mpwa wetu ikiisha. Leo zamu yako.

Kwanza zoea kuulizwa una pesa kiasi gani. Thailand humpokea mstaafu kuanzia umri wa miaka 50, mradi aonyeshe mfuko wake. Ama uwe na baht 800,000 kwenye benki ya Thailand, kwa jina lako peke yako. Ama uwe na kipato cha baht 65,000 kila mwezi. Ama uchanganye akiba na kipato cha mwaka mpaka vifike hizo laki nane. Ukichagua akiba, iingie miezi miwili kabla ya kuomba kuongezewa muda wa kukaa, isiguswe miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na mwaka uliobaki isishuke chini ya 400,000. Kwa maneno mengine, pesa ni zako, ila sehemu kubwa ya mwaka ruhusa uliyonayo ni ya kuzitazama. Sisi pesa ya aina hiyo tunaifahamu: ndiyo ile unayoazima kwa shemeji ikae kwenye akaunti mpaka viza itoke, kisha inarudi kwake siku hiyo hiyo jioni. Inaelekea Wathai nao wana mashemeji, ndiyo maana wakaweka hiyo miezi mitatu.

Utasema, mimi nina pensheni, akiba ya nini? Haya, tupige hesabu. Pensheni kamili ya serikali yako katika mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Kwa mwezi ilikaribia pauni elfu moja, na kwa viwango vya siku hizi hiyo haifikii hata baht 50,000. Kuna wakati pauni moja ilileta zaidi ya baht 60. Mwaka 2019 iliwahi kushuka chini ya 40. Hakuna ofisa wa uhamiaji atakayekusikiliza ukimweleza habari za Brexit. Yeye anataka 65,000.

Tena anazitaka kwa mwezi, na serikali yako hailipi kwa mwezi. Mstaafu aliye ng'ambo hulipwa kila wiki nne au, akipenda, kila wiki 13. Usipende. Ukichukua ya wiki 13, ofisa atafungua kitabu chako cha benki akute miezi minane mitupu, na maelezo yako kwamba Waingereza huhesabu kwa wiki atayapokea kwa tabasamu zuri sana. Katika uhamiaji wa Thailand, usilichukulie tabasamu kuwa jibu.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Ulikwenda ubalozi wako Bangkok na karatasi za pensheni, ukalipa ada, ukapewa barua ya kuonyesha kipato. Mwishoni mwa 2018 ubalozi ukatangaza kwamba barua hizo basi: Wathai walitaka kipato kiwe kimehakikiwa, na ubalozi ukasema hauna njia ya kukihakiki. Hebu tafakari hapo, mzee. Serikali inayokulipa pensheni haina namna ya kuthibitisha kwamba inakulipa pensheni. Wamarekani na Waaustralia nao wakafunga dirisha lao. Tangu hapo ushahidi ni pesa zenyewe, ziingie kila mwezi, zitoke nje ya nchi, na benki iandike kwamba zimetoka nje.

Hilo la mwisho ndilo linalowatoa watu machozi. Kwenye kitabu cha Bangkok Bank, pesa kutoka ng'ambo huandikwa kwa herufi FTT. Sasa wewe mjanja unatuma kupitia kampuni ya mtandaoni yenye ada ndogo. Kampuni hiyo huwa inazo baht zake tayari ndani ya Thailand, inakulipa kutoka humo humo, na pengine kitabu kinaandika kana kwamba umetumiwa na jirani wa mtaa wa pili. Umeokoa pauni chache, umepoteza ushahidi wa mwezi mzima. Herufi ziangalie siku pesa inapoingia. Ukisubiri siku ya kuomba kuongezewa muda, utakuwa unaziangalia pamoja na ofisa.

Sasa habari nyingine, na ni vizuri uipokee ukiwa umekaa. Pensheni yako ikishafika Thailand haikui tena. Aliyehamia huko mwaka 2016 akianza na pauni 155.65 kwa wiki, kiwango kamili cha mwaka huo, leo bado anapokea pauni 155.65. Mwenzake aliyebaki Leeds, mwaka 2025/26 alilalamikia baridi akiwa na 230.25. Walichangia sawa, wakastaafu pamoja, tofauti yao ni tiketi ya ndege. Na usitafute mantiki kwenye ramani. Ufilipino pensheni inapanda kila mwaka, Thailand haipandi. Marekani inapanda, Kanada haipandi. Jamaika inapanda, Australia, nchi yenye mfalme yule yule, haipandi. Mama mmoja Mwingereza aliyehamia Afrika Kusini, Annette Carson, alilifikisha jambo hili hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, na mwaka 2010 akashindwa.

Wala usidhani ungekimbilia kwetu ungepona. Kenya na Tanzania nazo zimo kwenye orodha ya wasiopandishiwa, na sheria haiangalii rangi: muuguzi wa Tanga aliyewageuza wagonjwa wenu vitandani miaka 30, akirudi kujenga Pongwe, naye kiwango chake kinasimama pale pale. Na Kenya haikupi kibali kwa ajili ya mvi. Kibali cha daraja la K kinataka uwe umefikisha miaka 35 na uwe na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka, na uahidi kwamba hutafanya kazi ya kuajiriwa. Pensheni ya serikali peke yake haifiki huko. Diani ni kuzuri, lakini hesabu ni ile ile.

Tuendelee. Serikali yako, isiyoweza kuthibitisha kwamba inakulipa, itataka wewe uthibitishe kwamba upo. Itakuandikia barua kukuuliza kama u hai. Ndiyo, barua, kwa posta. Barua itavuka bahari, itapumzika Bangkok, itafika kwako mvua zikiwa zimeanza, na wewe unapaswa kuijaza mbele ya shahidi anayeheshimika na kuirudisha. Ukichelewa, pensheni inasimamishwa, na kwenye fomu hakuna nafasi ya kueleza kwamba aliyechelewa ni tarishi. Shahidi asiwe ndugu. Mke wako, anayekusikia ukikoroma usiku kucha, hafai kuthibitisha kwamba unapumua. Daktari aliyekuona mara moja kwa ajili ya goti anafaa. Mstaafu wa Tanzania aliyewahi kuitwa kwenye uhakiki ataguna kwa huruma. Yeye huweka kidole kwenye mashine, mashine inamkataa kwa sababu miaka 35 ya kushika chaki imesugua alama zote, na karani anamwomba ajaribu kidole kingine huku foleni nzima ikimtazama kana kwamba ameazima mkono.

Hatua ya pili hadi ya tisa ni fotokopi. Nakala ya ukurasa wa picha, wa viza, wa mhuri wa mwisho wa kuingia, wa nyongeza zote ulizopewa, na kila ukurasa wa kitabu cha benki. Kila nakala uitie sahihi kwa wino wa bluu. Picha ya sentimita 4 kwa 6. Barua ya benki iwe mbichi. Asubuhi ya siku yenyewe ingiza baht 100 kwenye akaunti, kitabu kipate mstari wenye tarehe ya leo. Bila mstari huo utarudishwa benki ukaulete. Usishtuke ukiona mhuri wa risiti unasema mwaka 2500 umeshapita zamani. Kalenda ya Kibudha imetangulia miaka 543, na hilo halikupunguzii umri wala halikusogezi mbele kwenye foleni. Ada ni baht 1,900. Kwa mambo yote haya hiyo ndiyo bei ya haki kuliko zote, na tunawaonea wivu. Ninyi ada zenu za viza tunazilipa tukiwa tumeshika ukuta.

Ofisi nyingine hudai pia ramani ya nyumbani kwako, iliyochorwa kwa mkono. Hapa ungemchukua mtu wa Dar akusaidie, maana amezaliwa akielekeza watu kwa mnazi, msikiti na duka la Mangi. Weka 7-Eleven kwenye kona, weka hekalu, weka mfereji, kisha piga mshale nyumbani kwako. Usiandike kaskazini iko wapi. Hakuna anayeitafuta.

Ukishapewa mwaka wako, usiende kulala. Kila siku 90 unatakiwa kuripoti, kwa fomu TM47, kwamba bado unaishi pale pale ulipokuwa unaishi. Kwetu kazi hii angeifanya balozi wa nyumba kumi akiwa barazani kwake, bila fomu, na angekwambia na mgeni wako wa juzi ni nani. Mwenye nyumba naye ana fomu yake, TM30, ya kutoa taarifa kwamba amempangisha mgeni. Akisahau yeye, utakayetafutwa ni wewe.

Kodi tuipitie haraka, kwa kuwa huko hata wanaoifahamu wanaongea kwa sauti ya chini: ukikaa Thailand siku 180 au zaidi katika mwaka, wewe ni mkazi wa kodi, na tangu Januari 1, 2024, kipato cha nje ulichokipata kuanzia siku hiyo kikiingizwa nchini kinaweza kutozwa. Tafuta mhasibu. Ila asiwe yule tunayemzungumzia sasa hivi.

Tunamzungumzia kijana wa suti. Utakutana naye kwenye hafla ya Waingereza wenzako, kavaa tai kwenye joto la nyuzi 35 na anakuita kwa jina lako la kwanza. Atakuambia pensheni yako ya kazini imezubaa Uingereza. Ihamishie kwenye mfuko wa ng'ambo unaotambulika, QROPS, mpango ulioanza Aprili 2006. Atataja Malta kwa sauti wanayotumia wahubiri wakitaja Yordani. Kuna mambo hatayataja. Tangu Machi 9, 2017, uhamisho wa namna hiyo unaweza kukatwa asilimia 25, na msamaha mkubwa uliopo ni wa anayeishi nchi ile ile ulipo mfuko. Wewe unaishi Chiang Mai, mfuko uko Malta: robo ya jasho lako imeondoka kabla wino haujakauka. Tena ile orodha ya mifuko atakayokuonyesha kwenye simu, inayotolewa na mamlaka ya kodi ya Uingereza kila tarehe 1 na 15, mamlaka yenyewe inasema kuwemo humo si dhamana. Na kama pensheni yako ni ile ya malipo ya uhakika mpaka kufa, yenye thamani ya zaidi ya pauni 30,000, sheria ya Uingereza inakulazimisha upate kwanza ushauri wa mtu mwenye leseni. Kumpigia mtu simu ghafla kumuuzia habari za pensheni kulipigwa marufuku Uingereza Januari 2019; hafla zenye bia ya bure Bangkok marufuku hiyo haizifikii.

Dawa yake ni maswali matatu: unalipwa na nani, kiasi gani, na nikitaka kutoka mwaka wa tatu nakatwa ngapi? Ukishauliza, nyamaza. Akifungua kompyuta kukuonyesha grafu, rudia swali. Akisema wewe ni rafiki yake, omba jibu kwa maandishi. Sisi tumegombana na kikokotoo cha mafao ya kustaafu mpaka kikaingia kwenye nyimbo za vijiweni, lakini angalau kikokotoo hakikuwahi kutununulia bia.

Bima, sasa. Ukiingia kwa viza ya O, uhamiaji haukudai bima ya afya. Ukiingia kwa O-A, herufi moja tu imeongezeka, unatakiwa uwe na bima ya baht milioni tatu, na kampuni nyingi za bima hazina hamu na mteja mpya wa miaka 76. Kwa hiyo soma herufi kabla ya kununua tiketi. Na andika wasia wa Thailand: zile laki nane ziko kwa jina lako peke yako, na benki haitampa mkeo kwa kumwona analia.

Mwisho, kuna njia moja ya halali ya kupandishiwa pensheni. Ukienda Uingereza kutembea, kwa siku utakazokuwa huko unastahili kiwango cha sasa. Ukirudi Thailand, kinarudi cha zamani. Gharama ya tiketi utaipigia hesabu mwenyewe. Lakini kabla hujapanda ndege pitia dirisha la kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari zisizo na idadi. Ukiondoka bila kibali hicho, ule mwaka wako unafutika pale pale kwenye mhuri wa kutoka, na ukirudi unaanza upya: laki nane, miezi miwili, ramani. Beba picha mbili na kalamu ya bluu. Ya dirishani imefungwa kwa kamba, na ina foleni yake.